Safari Kumi na Tatu za Hondohondo

Mwezi uliopita, baada ya ibada ya Jumapili, kijana mmoja ambaye mimi na mke wangu tulisimamia ndoa yake alinifuata nyumbani. Alikaa kwenye benchi la barazani, akanywa chai, akasifu migomba, akaulizia mbuzi. Nikajua kuna jambo limemkaba kooni. Mwisho akasema, "Baba, mwenzangu amebadilika. Tangu ajifungue hanisemeshi. Nikiingia chumbani anageukia ukutani."

Mtoto wao alikuwa na wiki saba. Akaanza kunihesabia aliyoyafanya: nyama kila Jumamosi, doti mbili za kanga, neti mpya, simu aliyomnunulia kabla hajajifungua. "Sasa amekosa nini?"

Sikumjibu. Nilimwambia aje kesho yake saa kumi na mbili asubuhi, avae buti, twende msituni.

Mimi ni mwongoza wageni katika msitu wa Amani, Usambara Mashariki, juu ya Muheza. Wageni wetu wengi huja kwa ajili ya ndege, na miaka yote hii ya kuwaonyesha watu ndege imenifanya nilisome neno la Bwana, "Waangalieni ndege wa angani," kama agizo la kazi yangu. Yesu hakusema tuwatazame kwa kupita. Na nikiri mapema kwamba mengi ninayowaambia wanandoa leo sikuyapata kwenye semina. Niliyapata nimekaa chini ya mti, shingo ikiuma.

Aliyenifundisha zaidi ya wote ni hondohondo. Aliyewahi kupanda kutoka Sigi kuja Amani anamjua, maana utamsikia kabla hujamwona. Mabawa yake yanavuma kama mtu anayekung'uta mkeka. Ni ndege mkubwa, mweusi mgongoni, mweupe tumboni, na dume ana pembe kubwa juu ya mdomo. Wakati wa kutaga ukifika, jike huingia kwenye pango la mti mrefu, na mlango unazibwa kwa udongo. Dume humeza udongo, akaufinyanga kooni kuwa vidonge, akamletea mwenzake, naye jike huukandika kutokea ndani. Wanaziba mpaka unabaki ufa mwembamba tu wa kupitishia mdomo. Humo jike anataga yai moja au mawili, anaatamia, analea. Kwa karibu miezi minne hatoki. Chakula chake chote hupita kwenye ule ufa, na mletaji ni mmoja.

Hapa Amani waliishi mume na mke Waingereza, Reginald na Winifred Moreau. Reginald alifika mwaka 1928 kufanya kazi katika kituo cha utafiti, na kwa miaka mingi wawili hao walikuwa wakitazama ndege pamoja. Mwaka 1941 walitoa andiko lao kuhusu maisha ya hondohondo kiotani. Ni kwa kazi yao tunajua kwamba katika siku zipatazo 120 dume alikadiriwa kwenda kiotani mara 1,600 na kupeleka matunda 24,000. Gawanya mwenyewe. Ni safari kumi na tatu kwa siku, kila safari matunda kama kumi na tano. Hayaleti kwa mkupuo. Ameyabeba kooni, na pale kwenye ufa analitoa moja, anampa, anatoa la pili, anampa, mpaka yaishe. Kisha anaruka tena.

Niliwahi kuwaeleza wageni hesabu hiyo kwa miaka kadhaa bila yenyewe kunieleza mimi chochote.

Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa mwaka 2006, kwa upasuaji. Mama yangu alikuja kumwangalia mzazi, na arobaini ilipotimia akarudi kwake Maramba. Nilikuwa na kazi nyingi, wageni walikuwa wengi vuli ile, na nilijiona mume mwema kwa sababu pesa ilikuwa inaingia. Nyama ya Jumamosi niliipeleka jikoni mwenyewe. Mke wangu akaanza kunyamaza. Nilipomuuliza alisema, "Nimechoka tu." Nami nikaridhika na jibu hilo, maana lilinipa ruhusa ya kuondoka.

Siku moja ya Alhamisi nilikuwa na wageni wawili, mzee na mkewe, wote wamevuka miaka sabini. Mzee goti lilimsumbua, wakaomba tusizunguke, tukae kwenye kiota kimoja tu asubuhi nzima. Tulikaa kutoka saa moja mpaka saa saba. Yule mama alikuwa na daftari, na kila dume alipofika alichora mstari. Mistari ilifika tisa. Kati ya mstari na mstari, mumewe alikuwa akimmiminia chai kutoka kwenye chupa kabla hajaombwa, kisha anarudi kimya kwenye darubini yake. Sidhani kama hata alijua anafanya hivyo.

Nikiwa njiani kurudi, nikajikuta nahesabu zangu. Tangu Jumatatu ya wiki ile nilikuwa nimeingia chumbani kwetu kulala tu. Sikuwa nimeingia mara moja mchana kumuuliza mke wangu kidonda kinaendeleaje. Nyama ilikuwa imefika jikoni. Mimi sikuwa nimefika kwake. Mtume Paulo anaposema juu ya mume na mwili wake, kwamba "huulisha na kuutunza," nilikuwa nimelishika neno la kwanza, la pili nikaliacha.

Kesho yake niliamka saa kumi na moja alfajiri, nikachemsha maji ya kuoga, nikapika uji wa pilipili manga, ule tunaowapa wazazi. Nilikuwa sijawahi kuupika, ukawa na madonge. Nikampelekea kitandani.

Akaniangalia. "Leo umetumwa na nani?"

"Sijatumwa."

Akanywa kimya. Siku hiyo nilirudi saa sita mchana, nikambeba mtoto ili alale. Jioni nikafua nepi. Usiku nikaomba nikamshika mkono, nikamtaja kwa jina lake mbele za Mungu, jambo ambalo nilikuwa nalifanya kwa wagonjwa wa kanisa zima isipokuwa huyu mmoja. Siku ya pili hivyo hivyo, na ya tatu. Hakunisifu wala hakulainika, na ndugu zangu nawaonya hapa, kwa sababu hapa ndipo wengi tunapoishia. Tunapeleka safari tatu, hatuoni tabasamu, tunasema huyu mwanamke hana shukrani. Hondohondo akikata tamaa siku ya tatu, waliomo ndani wanabaki na njaa.

Wiki ya pili, usiku, ndipo akafungua kinywa. Akaniambia kwamba siku ya upasuaji aliamini anakufa. Alikuwa amelala pale anajiuliza nani atamnyonyesha mtoto. "Na tangu nimetoka," akasema, "hakuna aliyeniuliza." Wiki zaidi ya nane alikuwa amelala na hofu hiyo peke yake, na mimi niko pembeni yake, nimelala.

Sijawahi kusahau neno hilo. Kwa hiyo nikikuambia safari kumi na tatu, sisemi uhesabu vidole. Nasema usijilinganishe na ukubwa wa ulicholeta. Jiulize umefika mara ngapi. Mtu aliye ndani, awe mzazi, mgonjwa, aliyefiwa, aliyepoteza kazi, hawezi kukaa siku sita akisubiri Jumamosi. Maji ya kuoga ni safari. Ujumbe wa saa saba kuuliza kama amekula ni safari. Kumwachia saa moja ya usingizi ukamzungusha mtoto uani ni safari kubwa kuliko kanga.

Lakini nisiwaseme waume peke yao, kwa sababu mwaka 2017 zamu ya kukaa ndani ilikuwa yangu. Niliteleza kwenye mteremko, mvua imenyesha, nikavunjika mfupa wa paja. Nilikaa miezi minne bila kufanya kazi. Mke wangu akawa ndiye wa nje: anapeleka iliki Muheza kuuza, anarudi, ananigeuza kitandani, anapika, anakwenda kwenye kikao cha shule, anarudi tena. Nikajifunza kitu ambacho miaka yote ya kuwaonyesha wageni kile kiota sikuwahi kukifikiria: kule ndani kuna kazi yake, nayo ni ngumu.

Jike wa hondohondo hakai tu akipokea. Analisafisha pango. Kinyesi chake na taka zote hutupwa nje kupitia ufa ule ule chakula kinapoingilia. Asipofanya hivyo kiota kitaoza na kinda humo humo. Mimi sikutupa chochote. Kila kilichoniuma nilikihifadhi. Chai ikichelewa, nakumbuka na ya jana. Akichelewa Muheza kwa sababu gari limeharibika, namhoji kama karani. Nilikuwa nimezoea kujiona mletaji, na kupokea kulinivunja zaidi ya mfupa. Siku moja akaweka sahani, akakaa kwenye kiti, akasema bila kupandisha sauti, "Baba, kila nikiingia humu nakuta jana bado ipo."

Nililia, siwafichi. Toka siku hiyo tulifanya agano dogo ambalo tunalo mpaka leo: aliye na neno analisema kabla ya sala ya usiku, kwa ufupi, na aliyelisikia halijibu mpaka asubuhi. Waefeso wanaambiwa jua lisichwe na uchungu wao bado haujawatoka. Sisi tumeona kwamba kulitoa neno ni kazi ya jioni, na kulitengeneza linahitaji mwanga wa asubuhi. Wenye ndoa changa nawashauri wajaribu, hata kama mwanzoni itakuwa vigumu sana kunyamaza.

Sasa kuna swali ambalo dada mmoja aliniuliza nilipoyasema haya katika mkutano wa wanandoa, na ni swali la haki: je, mfano huu si wa kumfungia mwanamke ndani? Namshukuru kwa kuuliza. Tazama ukuta vizuri. Dume analeta udongo, lakini anayeukandika ni jike, akiwa ndani, kwa mdomo wake. Na siku ya kutoka, anayeubomoa ni yeye. Dume hana ufunguo wa mlango ule. Ukuta upo kumzuia nyoka na nyani, haupo kumzuia jike. Ukiona ndoa ambayo mwanamume ndiye anayejenga ukuta akiwa nje, na mwanamke hawezi kuubomoa akitaka, huyo si hondohondo. Huo ni mtego.

Hapo niwapeleke kwenye mti, maana kuna jambo linaniuma na ningependa kulisema lote.

Shambani kwetu tunapanda pilipili manga. Ni mmea unaopanda juu ya mti mwingine. Mizizi yake imo ardhini, ndiko inakopata chakula chake, na huku juu unajishika kwenye gome kwa vijizizi vidogo kila kifundo. Mti unaoushika unaendelea kukua, kutoa majani, kutoa kivuli. Nikisoma Mwanzo, kwamba mwanamume ataambatana na mkewe, huwa naona shina hilo. Viwili vimeambatana na vyote viwili viko hai.

Msituni kuna mmea mwingine unaoambatana. Ni mkuyu wa ile aina inayoota juu ya miti mingine. Mbegu yake huangushwa na ndege, mara nyingi hondohondo mwenyewe, kwenye panda la mti mkubwa. Inaota huko juu, ndogo, na ukiiona unaweza kuipenda. Inashusha mzizi mmoja mwembamba mpaka chini. Kisha wa pili. Miaka inapita, mizizi inanenepa, inakutana, inaungana, inauzunguka mti pande zote, na juu majani yake yanachukua mwanga. Haunyonyi utomvu wa mti ule, unaukumbatia tu. Mwisho mti uliokumbatiwa unakufa na kuoza, na mkuyu unabaki umesimama umezunguka uwazi. Wageni hupenda kuingia humo ndani kupiga picha.

Nimeona ndoa ya namna hiyo. Ilianza kwa mapenzi, au tulivyodhani sote. Mume alimwomba mkewe apunguze kwaya kwa kuwa mazoezi yanaisha usiku. Ilikuwa hoja nzuri. Baadaye akawa anamshikia pesa zake za iliki, ili zisipotee. Baadaye akataka simu iwe yake usiku, kisha na mchana. Ndugu wa mke wakaacha kuja. Alipokuja kwetu wazee wa kanisa, yule dada alizungumza kwa sauti ya chini mno, tukawa tunamwomba arudie. Nasi tulimwambia nini? Tulimwambia avumilie. Tulimsomea maandiko ya utii, tukamwombea, tukamrudisha. Nilikuwepo. Nilisema "Amina" pamoja na wengine. Alirudi tena baada ya mwaka, ameumizwa.

Kwa hiyo nasema kwa yeyote anayesoma na kuona mizizi inamzunguka: kuambatana hakunyongi. Anayepaswa kukupenda "kama Kristo naye alivyolipenda Kanisa, akajitoa kwa ajili yake" hawezi kuwa anakutoa wewe kwa ajili yake. Zungumza mapema, mzizi ukiwa mmoja. Usipopata msaada kwa mzee mmoja, nenda kwa mwingine, nenda kwa mchungaji, nenda kwa mama wa kanisa unayemwamini. Kama kuna kupigwa, nenda kituo cha polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, au kwa afisa ustawi wa jamii. Kwenda huko si kuvunja kiapo. Kiapo kilivunjwa na mkono uliopiga. Na wazee wenzangu, tuache kuliita kila jambo msalaba wa mtu.

Wako watakaoniambia viumbe si Biblia, nami nakubali kabisa. Simba dume akitwaa kundi huua watoto wa aliyemtangulia. Kekeo hutaga kwenye kiota cha ndege mwingine na kumwachia malezi. Sichukui kila nikionacho nikakiita mapenzi ya Mungu. Nakuja na Neno mkononi, na nikikuta kiumbe kinalitii kuliko mimi, nakaa chini kutazama. Mithali inamtuma mvivu kwa chungu. Mimi nilitumwa kwa hondohondo, na nilistahili kutumwa.

Jambo moja la Moreau na mkewe nalipenda, nalo halina mafunzo mengi, ila hunigusa kila ninapowasimulia wageni. Mwaka 1938 alipoeleza kisayansi ndege mdogo wa milima ya Uluguru, kule Morogoro, ambaye alikuwa hajapewa jina, alimpa jina la kitaalamu la mke wake, winifredae. Ndege yule yupo mpaka leo, kichwa chake chekundu kama kutu, anajificha kwenye vichaka vya chini. Ukiuliza kwa nini anaitwa hivyo, unajibiwa kwa jina la mwanamke aliyekaa karibu na mumewe, naye akihesabu.

Yule kijana alikuja Jumatatu kama tulivyokubaliana, kabla jua halijatoka. Tulikaa mkabala na kiota, kwenye mawe yale yale. Chini ya mti kulikuwa na miche ya miti ya kila aina, imeota kutokana na mbegu zilizotupwa kutoka juu. Sikumwambia chochote kuhusu mke wake. Nilimpa tu daftari na kalamu, nikamwambia achore mstari kila dume atakapofika.

Mstari wa kwanza aliuchora saa moja kasoro. Wa pili haukuchelewa. Kwenye wa tatu dume alileta matunda mengi, tukayahesabu pamoja kwa darubini, moja moja, mdomo wa jike ukitokeza kwenye ufa na kurudi. Baada ya mstari wa nne nikaona kalamu imesimama. Alikuwa haangalii juu tena. Mabawa yakavuma mara ya tano juu ya vichwa vyetu, na hakuchora.

"Baba," akasema, "naomba niende nyumbani."

Nikamwambia aende. Alishuka hatua kadhaa, akageuka, akaniuliza pilipili manga ya kupikia uji ataipata wapi asubuhi hii, maana maduka hayajafunguliwa. Nikamwambia apitie kwangu, amwombe mama. Iko kwenye kopo la kijani juu ya kabati.